Nani kawaambia China hakuna sheria?

Mhariri,

Miaka yote ninayolinunua gazeti lenu sijawahi kuwaandikia. Ile makala ya Jumapili, iliyodai kwamba China hakuna sheria bali kuna Chama tu, imenishinda kuvumilia.

Nusu yake ni kweli. Chama cha Kikomunisti kiko juu ya mahakama na wala hawalifichi. Kesi ikigusa siasa, usimtegemee hakimu. Lakini mwandishi wenu anazungumza kana kwamba Mao Zedong, aliyeitawala China hadi 1976, amefariki juzi. Wizara ya Sheria ilifutwa 1959, ikarudishwa 1979, mwaka uleule Bunge la Umma lilipopitisha sheria saba kwa mpigo, ya jinai ikiwamo. Tangu 1990 mwananchi ana sheria ya kumwezesha kuishtaki serikali. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu Kabisa ya Umma ikarudishiwa kazi ya kuzipitia hukumu za kifo kabla mtu hajauawa. Mwaka 2021 ukaanza kutumika mkusanyo wa sheria za madai, vifungu 1,260, uliomeza sheria tisa za zamani, pamoja na ile ya mikataba ya 1999.

Hayo ya mikataba nayajua kwa mfuko wangu. Nauza marumaru Kariakoo. Kontena langu kutoka Foshan, mji wa kusini mwa China, lilikuja na mzigo wa daraja la pili, nami nimelipia la kwanza. Dalali wetu kule, Mtanzania mwenzangu, akaniimbia wimbo wenu huohuo: "Mama, huku hakuna sheria, we samehe tu." Nikatafuta wakili Mchina. Hakuanza kwa kusoma. Alizitandaza kurasa za mkataba kama karata, kingo zikapishana, na vipande vya muhuri mwekundu wa kiwanda vikaungana vikawa duara moja. Maana yake hakuna ukurasa uliochomolewa. Ndipo akasoma, akafika kwenye kifungu cha usuluhishi, kile cha kupeleka mgogoro kwa wasuluhishi badala ya mahakamani, akatabasamu. Uamuzi wa wasuluhishi hauishii mpakani: China iko kwenye Mkataba wa New York, ule wa nchi kutambua maamuzi ya wasuluhishi wa nje, tangu 1987, sisi tangu 1964. Barua yake moja tu, kiwanda kikarudisha sehemu kubwa ya fedha.

Na hawa madalali! Wanakula kamisheni kwako, wanakula na kiwandani, halafu makubaliano yote ni ujumbe wa sauti kwenye simu. Ukiomba karatasi yenye muhuri unaambiwa huwaamini ndugu zako. Mama wangapi wa Kariakoo wamefunga maduka kwa sababu waliaminishwa kwamba kudai haki kule ni kupoteza muda? Sasa leo gazeti zima linawasaidia madalali kuhubiri hivyo, bure, ukurasa wa mbele!

Ushauri wangu ni mdogo. Mpelekeni mwandishi wenu Foshan mwezi wa saba, joto likiwa limepamba moto, anunue kontena moja kwa fedha zake mwenyewe, bila mkataba. Akirudi, mpeni kurasa mbili.

Mama Marumaru,
Kariakoo, Dar es Salaam