Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tuliomsoma Dracula kwa tarehe

Wanachama wenzangu, habari zenu. Hii ndo taarifa ya mwaka kama katiba yetu inavyodai, najua wengi mnasubiri tu sehemu ya vitabu vya mwaka ujao, iko mwisho huko, lakini msiruke maana humu katikati kuna pendekezo litakalowagusa wote na sitaki mtu aje mkutano mkuu aseme hakuambiwa.

Mambo ya utawala nayapitia haraka. Ada zimekusanywa, sio zote ila za kutosha kuendesha klabu, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe siku ya mkutano. Wanachama wapya tumepata, wachache wametuaga, mmoja alisema anaondoka kwa sababu tunabishana sana, nikamwambia samahani ndugu yangu lakini hiyo ndo klabu yenyewe.

Sasa vitabu. Mwaka tuliufungua na Frankenstein ya Mary Shelley na kikao cha kwanza tu kikawaka moto. Upande mmoja unasema Elizabeth, yule mchumba wa Victor Frankenstein, kijana anayetengeneza kiumbe, ni binamu yake kabisa, mtoto wa shangazi yake, upande mwingine unasema hapana, huyo ni mtoto wa kulelewa, walimkuta kwa familia maskini huko Italia wakamchukua, na kila mtu kashika kitabu chake kidole kiko kwenye mstari, anasoma kwa sauti, na kila mtu yuko sahihi! Watu wakaanza kuulizana kama wenzao wanajua kusoma kweli. Ni katibu ndo akasema hebu fungueni kurasa za mwanzo muone ni toleo gani, kumbe nusu wana lile la 1818 na nusu wana la 1831 ambalo Mary Shelley alilipitia upya akabadilisha mambo, hilo la Elizabeth likiwemo. Toleo la kwanza lilitoka hata jina la mwandishi halina. Basi kikao kikageuka, tukaacha kugombana kuhusu Elizabeth tukaanza kulinganisha Victor wa matoleo yote mawili, maana yule wa 1831 anaongea zaidi kama mtu aliyeburutwa na majaaliwa yake, yule wa kwanza unaona kabisa alikua na nafasi ya kuacha na hakuacha. Sasa nani wa kulaumiwa? Hatukumaliza siku ile na sidhani tumemaliza mpaka leo. Na tafadhali, Frankenstein ni jina la huyo kijana aliyetengeneza, kiumbe mwenyewe hana jina kitabu kizima, nimesema hivi kila mwaka na nitaendelea kusema mpaka mnitoe kwenye kiti.

Halafu ikaja ishu kubwa ya mwaka. Katibu (yeye tena) alileta wazo kwamba Dracula ya Bram Stoker, ile riwaya ya mnyonya damu ya 1897, tusiisome kwa chapta, tuisome kwa tarehe. Kwa ambao hamkuwepo, kile kitabu chote ni shajara na barua na vipande vya magazeti na simu za maandishi, karibu kila kipande kina tarehe yake, kinaanza tarehe 3 Mei na shajara ya mwisho ni ya 6 Novemba. Kwa hiyo kila mtu anasoma kipande cha siku hiyo siku hiyo hiyo, siku nyingine ni nusu ukurasa, nyingine ni kurasa mpaka macho yanauma, nyingine hakuna kitu kabisa unakaa tu. Mimi nilipinga, ipo kwenye kumbukumbu za kikao, niliona watu watachoka kabla ya Juni.

Hawakuchoka. Nitawaeleza kilichotokea maana ndo msingi wa pendekezo langu. Kwenye kitabu kama kilivyochapwa unasoma kwanza yote ya Jonathan Harker, mwanasheria kijana aliyeenda kikazi kule kwenye ngome ya Dracula, mpaka tarehe 30 Juni, halafu kitabu kinarudi nyuma hadi Mei kukuletea barua za mchumba wake Mina na rafiki yake Mina, Lucy. Ukisoma kwa tarehe hivyo vitu vinaingiliana. Kati ya tarehe 15 na 16 Mei Jonathan kakutana usiku na wale wanawake watatu wanyonya damu wa mle ngomeni, tarehe 24 Lucy anamwandikia Mina amechangamka kweli kweli, kachumbiwa na wanaume watatu siku moja, na wewe msomaji unajua Jonathan muda huo huo kafungiwa na Mina hajui chochote. Stoker hakuwaweka hao wawili ubavu kwa ubavu namna hiyo, kalenda ndo iliwaweka.

Lakini kilichotumaliza ni tarehe 19 Mei. Siku hiyo Dracula, kwa upole wote, anamwambia Jonathan aandike barua tatu za kupeleka nyumbani, ya kwanza iseme kazi inakaribia kuisha, ya pili iseme anaondoka kesho asubuhi, ya tatu iseme ameshaondoka na amefika mji wa Bistritz. Jonathan anauliza aweke tarehe gani, Dracula anapiga hesabu kidogo anamjibu, 12 Juni, 19 Juni, 29 Juni. Ukisoma hiyo kwa mkupuo unaipita, kuna kurasa nyingine mbele. Sisi tulikua na wiki sita mbele yetu. Mwenzetu mmoja alizizungushia hizo tarehe kwenye kalenda ya ukutani nyumbani kwake, watu wa nyumbani wakadhani kuna mgeni anakuja. Ilipofika 29 Juni grupu letu lilikua kimya tangu asubuhi, halafu tarehe 30 Jonathan anaandika atajaribu kushuka ukuta wa ngome, basi. Hakuna tena. Julai yote hujui yuko wapi, unachopata ni Renfield, mgonjwa wa akili, na nzi wake na buibui wake na shomoro wake, na daktari wake Seward anaandika tu kama anaangalia kuku, na baadaye ile rekodi ya nahodha wa Demeter, meli iliyombeba Dracula kwenda Uingereza, ambapo mabaharia wanapungua mmoja mmoja mpaka nahodha anabaki amejifunga kwenye usukani. Barua ya yule sista kutoka hospitali ya Budapest, kwamba Jonathan yuko hai, ina tarehe 12 Agosti. Watu walishangilia kama goli.

Sio kwamba yote yalikua matamu. Oktoba inachosha, Van Helsing, yule profesa anayemwinda Dracula, anaongea mpaka unatamani Dracula ashinde. Na mwanachama mmoja mgeni alikasirika sana tarehe 22 Septemba pale Jonathan anapomwona Dracula mtaani London mchana kweupe, akasema mwandishi kavunja sheria yake mwenyewe. Ikabidi tumweleze kwamba sheria hiyo Stoker hakuiweka, kwenye riwaya jua linampunguzia tu nguvu, habari ya jua kumuua ilikuja na filamu ya Nosferatu ya 1922. Hakuridhika. Ila ndo huyo huyo kaomba tusome Carmilla ya Sheridan Le Fanu, nayo ya mnyonya damu, sasa sijui.

Kindred ya Octavia Butler ilituletea ule ugomvi wa spoila, yaani kufichua mwisho wa kitabu, na kwa kuwa kuna waliosusa vikao viwili acha niliseme hapa. Kanuni yetu ilikua hakuna kugusia mwisho mpaka wote wamalize, halafu unafungua kitabu sentensi ya kwanza kabisa Dana, mhusika mkuu, anakwambia kapoteza mkono safari yake ya mwisho! Mwandishi mwenyewe kakupa mwisho mlangoni. Na bado unasoma huku umejikunja, kila anapovutwa kutoka 1976 kurudi kwenye shamba la watumwa Maryland kumwokoa Rufus, ambaye ni babu yake wa mbali na ni mtu wa kutisha, unajiuliza ndo safari hii? Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kanuni ya spoila ife, anayetaka kulindwa amalize kitabu. Kuhusu kama ni hadithi ya kisayansi au la, hakuna mashine, hakuna maelezo ya safari zinavyotokea, Butler mwenyewe aliiita aina ya fantasia ya huzuni, mimi naishia hapo.

The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson tuliisoma fasta, ni fupi, na wawili waliiacha pale kwenye giza Eleanor anaposhika mkono akidhani ni wa mwenzake Theodora halafu taa inawaka Theodora yuko kitandani kwake mbali kidogo. Siwalaumu. Na Kusadikika ya Shaaban Robert iliingia kwa kura moja tu, waliopinga walisema hicho ni kitabu cha mtihani sio fantasia, nchi nzima inaelea hewani, wajumbe wanatumwa pande zote mpaka mbinguni na ardhini, kila anayerudi na wazo jipya anatupwa gerezani, sasa kama hiyo sio fantasia ya 1951 basi niambieni ni nini. Wengi walikiri hawakuwahi kukisoma wakiwa hawaogopi maswali.

Kilichoshindikana ni The Fifth Season ya N.K. Jemisin. Inaniuma kwa sababu ndo kitabu nilichokipenda kuliko vyote mwaka huu, kila kimoja kati ya vitatu vya mfululizo ule kilipata tuzo ya Hugo, ile kubwa ya hadithi za kisayansi na fantasia, 2016, 2017 na 2018, na karibu nusu ya kikao walikua hawajafika katikati. Tulikipanga Septemba, mwezi ambao Lucy anakufa na Dracula ina kurasa nyingi kila siku, na kile ni kitabu kinachokutupa kwenye dunia ngeni bila kukushika mkono, sura nyingine zinamwita mhusika "wewe", maneno yake mapya yamefafanuliwa nyuma kabisa ya kitabu na hakuna aliyejua mpaka siku ya kikao. Tulijadili watu wachache huku wengine wanatikisa vichwa. Kitabu kile hakikustahili hivyo.

Kwa hiyo pendekezo ni hili. Mwaka ujao tupunguze vitabu kutoka kumi na mbili hadi sita, kila kimoja miezi miwili, mwezi wa kwanza tunajadili nusu, wa pili kizima. Nimesikia hoja kwamba wanaosoma kwa kasi watakaa bila kazi, wasome wanachotaka pembeni nani kawazuia, lakini vikao vyetu vilivyokua hai mwaka huu ni vile ambavyo watu walikua wamekaa na kitabu muda mrefu, na vilivyokufa ni vile tulivyofika tunahema. The Fifth Season irudi iwe ya kwanza, na safari hii mjue kamusi iko nyuma. Carmilla iingie pia, ilitangulia Dracula kwa miaka 25 hivi na ni fupi, mgeni wetu atafurahi au atakasirika tena. Hizo nyingine nne zipigiwe kura, ila naomba angalau moja iwe ya Kiswahili.

Uchaguzi: mweka hazina anaendelea kama hamna pingamizi. Katibu anaachia ngazi, kasema anataka kurudi kusoma bila kuandika kumbukumbu, na mnaona wenyewe humu mwaka huu alifanya nini, kwa hiyo anayetaka kuvaa viatu hivyo alete jina lake kabla ya mkutano mkuu. Mimi nagombea tena. Mwenye toleo la 1818 alilomwazima mwenzake kile kikao cha Januari bado analiulizia, limrudie.