Mwanangu, usisaini kabla hujausoma ukurasa wa tatu

Mwanangu mpendwa,

Picha za barua ya chuo ulizonitumia jana usiku zimefika. Hongera sana, mama. Mara ya kwanza nimezisoma machozi yakinilengalenga. Mara ya pili nimezisoma nikiwa na penseli mkononi, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia. Kwenye simu tungefurahi tu, tukaagana. Haya nataka uyasome taratibu, uyarudie, kabla hujaweka sahihi yako popote.

Chuo kimekuandikia kwamba umepata msaada wa fedha, na chini kabisa kimeweka jumla moja kubwa. Hiyo ndiyo uliyoizungushia duara. Mimi nimeiziba kwa kidole gumba, nikarudi kwenye mistari iliyo juu yake. Iko minne. Wa kwanza ni ruzuku, wa pili ufadhili wa ufaulu, wa tatu kazi ya mwanafunzi, na wa nne, ambao peke yake unakaribia nusu ya jumla yote, ni mkopo. Vyote vimeandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, kama vile vyote ni zawadi. Kwenye karatasi yangu nimeinakili mistari hiyo, na pembeni ya kila mmoja nimeandika swali moja: ukishanipa, utataka nini kwangu? Mwanangu, usiulize kwanza umepewa ngapi. Anza na hilo.

Ruzuku ndiyo fedha nyepesi kuliko zote, kwa sababu hairudishwi. Hutolewa na serikali au na chuo chenyewe kwa kuangalia kipato cha nyumbani na idadi ya wanaokitegemea. Lakini hata hiyo ina masharti yake. Marekani wana ruzuku ya serikali iitwayo Pell. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na mwanafunzi hawezi kuipokea kwa zaidi ya jumla ya mihula 12 maishani mwake. Anayebadilisha kozi kila mara anaweza kujikuta mihula imekwisha na shahada bado. Kwa hiyo ukiambiwa umepata ruzuku, uliza: ni ya mwaka mmoja au ya kozi nzima? Mara nyingi fomu hujazwa upya kila mwaka, na asiyeijaza huhesabiwa kuwa hahitaji tena.

Nilikuona ulivyosita pale fomu ilipouliza kipato changu. Uliniangalia kwanza, kisha ukaandika. Mwanangu, usinionee haya na wala usijionee haya. Andika kipato chetu kama kilivyo, usikiongeze ili tuonekane tunajiweza, usikipunguze ili tuonekane hohehahe. Na jambo wanalolijua wachache: hali ya nyumbani ikibadilika katikati ya mwaka, mzazi akipoteza kazi, akiugua au akifariki, unaruhusiwa kwenda ofisi ya misaada ya fedha kuomba wakuangalie upya. Fomu uliyojaza inaeleza mwaka uliopita, wao hawawezi kuota yaliyotokea juzi. Nenda na vielelezo, eleza, subiri majibu ya maandishi. Wengi huacha masomo kimyakimya wakati mlango huo ulikuwa wazi.

Sasa ufadhili. Huu umeupata kwa alama zako, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia mimi.

Anayetoa ufadhili huwa ana anayetaka kumsaidia, na matakwa yake hukaa ndani ya fedha hizo hata baada ya yeye mwenyewe kufariki. Wosia wa Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1902, ulianzisha ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, lakini ulitaka wanaume tu. Wanawake hawakuupata mpaka mwaka 1977. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unamtaka aliyefadhiliwa arudi kwao akakae miaka miwili baada ya masomo. Upo mwingine unaotaka umtumikie mwajiri fulani kwa muda fulani, na ukiondoka mapema unarudisha fedha zote. Si masharti mabaya. Ila ni masharti, na ukiyakuta baada ya kusaini yanakuwa mazito mara mbili.

Mimi nilipewa ufadhili nikiwa na umri kama wako. Uliniambia siku moja kwamba hujawahi kunisikia nikiusimulia, na ni kweli, sikupenda. Masharti yake nilifikiri nayajua: wastani wa alama usishuke. Wastani wangu haukushuka hata siku moja. Mwaka wa pili, katikati ya muhula, niliugua wiki tano. Nilipotoka kitandani nikaona nimeachwa mbali katika masomo mawili, nikaenda nikajiondoa katika masomo hayo ili nisije nikafeli nikaharibu wastani. Nilijiona nimefanya jambo la busara. Kumbe kifungu kingine kilisema mfadhiliwa lazima awe na mzigo kamili wa masomo kila muhula. Nilipojiondoa nikawa chini ya kiwango, na ufadhili ukakatika.

Cheti cha daktari ninacho mpaka leo, kimekunjwa mara nne. Kingetosha kabisa kuniokoa, maana kulikuwa na nafasi ya kukata rufaa kwa sababu ya ugonjwa, siku 14 tangu tarehe ya barua. Barua ilitumwa kwenye anwani ya zamani. Nilifika dirishani siku ya ishirini. Yule aliyekuwa dirishani hakunifokea wala hakunidharau, alinionyesha tu tarehe kwa ncha ya kalamu yake. Nikamaliza masomo kwa mkopo. Wewe unakumbuka ile siku tulipanga foleni, umevaa viatu vya shule, ukaniuliza mbona nalia? Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nalipa awamu ya mwisho.

Ndiyo maana nakuomba: kabla hujajiondoa katika somo lolote, kabla hujabadilisha kozi, kabla hujaahirisha muhula, pita kwanza ofisi ya misaada ya fedha. Mwalimu atakushauri kuhusu somo na atakushauri vizuri, lakini masharti ya fedha zako hayajui. Na ukihama chumba, badilisha anwani siku hiyohiyo. Barua pepe ya chuo ifungue kila siku hata kama haina la maana siku tisa kati ya kumi.

Ukiendelea kuomba ufadhili wa nje, na uendelee, hasa ule mdogomdogo ambao watu wanaupita kwa sababu fedha zake ni kidogo, waulize chuo kitafanya nini ukiupata. Vyuo vingine, mwanafunzi akileta fedha kutoka nje, hupunguza ruzuku yao kwa kiasi kilekile, akabaki palepale. Usigombane nao. Waombe kwa adabu wapunguze mkopo kwanza, ruzuku ibaki. Pengine watakataa, lakini kwingine hukubali, na tofauti yake ni kubwa.

Mstari wa tatu, kazi. Kiasi kilichoandikwa pale bado si chako, mwanangu. Ni nafasi ya kufanya kazi chuoni, maktaba au maabara au ofisini, na kulipwa kwa saa ulizofanya mpaka ufikie kiasi hicho. Usipopata kazi, hupati kitu. Ukipata, malipo yanakuja baada ya kazi, kwa hiyo usiyahesabu kwenye ada ya siku ya usajili. Yahesabu kwenye nauli, vitabu na chakula. Kazi yenyewe siipingi hata kidogo. Kuna chuo Marekani, Berea huko Kentucky, ambacho tangu mwaka 1892 hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi wake hufanya kazi si chini ya saa 10 kwa wiki. Wewe pia anza na saa kumi hivi. Ukiona unaanza kusinzia darasani, punguza, maana alama zikishuka ule mstari wa pili unaondoka, na mshahara wa maktaba hauwezi kuufidia.

Tumefika kwenye mkopo.

Mkopo si dhambi. Bila mkopo mimi nisingekuwa na shahada, na pengine maisha yetu yangekuwa mengine. Lakini hata wakiuandika chini ya neno msaada, ni deni, na madeni hayafanani. Wa kwanza kuutazama ni wa serikali au wa bodi ya mikopo, kwa sababu kwa kawaida masharti yake huwa laini kuliko ya benki. Ujerumani, chini ya mpango wa BAföG ulioanza mwaka 1971, kwa kawaida nusu ya fedha ni ruzuku na nusu ni mkopo usio na riba. Australia tangu mwaka 1989 mwanafunzi anaweza kusoma kwanza, na deni huanza kulipwa kupitia kodi pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani. Akikosa kipato, hatakiwi kulipa mwaka huo. England nao hukata kwa kufuata kipato, lakini kwa walioanza chuo kuanzia Agosti 2023, salio hufutwa baada ya miaka 40. Arobaini, mwanangu. Binti wa miaka 19 anasaini kitu kinachoweza kumfuata mpaka anakaribia kustaafu.

Riba nataka uione kwa macho, usiisome tu. Chukua karatasi. Andika mkopo wa 10,000, fedha yoyote ile, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na riba hiyo inaanza kuhesabiwa siku unayoupokea. Kwa mwaka ni 600. Kozi ni miaka minne, kwa hiyo siku ya mahafali unadaiwa 12,400 na bado hujalipa hata senti. Mikopo mingine siku hiyo huichukua ile 2,400 na kuibandika juu ya deni lenyewe, na kuanzia hapo riba inahesabiwa juu ya 12,400. Sasa kwa mwaka si 600 tena, ni 744. Fanya hesabu hiyo mwenyewe mpaka mkono uizoee, kisha uifanye kwa tarakimu za mkopo wako. Halafu uwaulize: riba inaanza lini? Inabadilika au ni ileile? Baada ya kuhitimu napewa miezi mingapi kabla ya kuanza kulipa, na je, katika miezi hiyo riba inalala au inaendelea? Nani anatakiwa kunidhamini?

Swali la mdhamini lina jina langu ndani yake, kwa hiyo nitalijibu. Nitakudhamini. Lakini ujue mdhamini akisaini, deni ni lake vilevile siku wewe ukishindwa. Usimwombe shangazi yako wala mtu mwingine yeyote bila mimi kujua.

Na si lazima uchukue mkopo wote uliotajwa. Kiasi kile ni ukomo, unaweza kuomba pungufu. Tukae tupige hesabu ya ada, malazi, vitabu na nauli, tutoe ruzuku na ufadhili, na pengo litakalobaki ndilo tukope. Chuo chako kinaruhusu kulipa ada kwa awamu, nimeona kwenye ukurasa wa pili, nami naweza kubeba sehemu kila mwezi. Uliza pia kama wana mfuko wa dharura. Vyuo vingi vina fedha ndogo ya kumwokoa mwanafunzi aliyekwama ghafla, na mara nyingi hautangazwi.

Jambo moja la haraka. Yeyote atakayekuambia ulipe kwanza ili upewe ufadhili, au atakayekuahidi kwamba lazima utaupata, mkimbie. Usimpe namba ya kitambulisho wala ya akaunti. Fomu ya ruzuku ya serikali ya Marekani, kwa mfano, imebeba neno "bure" ndani ya jina lake, na bado wapo wanaowatoza watu kuijaza.

Karatasi yangu iko hapa mezani. Mbele ya ruzuku nimeandika: fomu mpya kila mwaka. Mbele ya kazi: saa zangu. Mbele ya mkopo nimeandika maswali yale manne. Mbele ya ufadhili bado pako wazi, kwa sababu barua inasema masharti yako ukurasa wa tatu, na picha uliyonitumia ya ukurasa huo imekatwa chini. Naona kichwa cha habari na mistari miwili tu. Mwisho wa kukubali ni Ijumaa ya wiki ijayo, kwa hiyo muda upo. Ipige upya mchana, karibu na dirisha, ukurasa wote mpaka kwenye kona za chini, unitumie.

Mama yako