Barua kwa mwanangu kabla ya oparesheni ya moyo

Mwanangu mpenzi,

Kuna maswali unaniuliza usiku taa zikishazimwa, na pale kitandani siwezi kukujibu yakaisha maana jibu moja linazaa maswali mengine na tunakosa usingizi wote, sasa nimeona bora nikuandikie, usome mchana kwa nafasi yako, ukifika mahali pamekushinda unaniletea karatasi tunasoma wote. Kabla ya yote niseme hivi, sitakwambia kitu hakiumi wakati kinauma. Wapo watu wazima wanaodhani mtoto akidanganywa ndo anatulia, mi siamini kabisa. Mtoto akiambiwa sindano haiumi afu ikauma hatamwamini tena mtu yeyote humo hospitalini, na mi nataka uwaamini wale watu kwa sababu utawahitaji.

Tuanze na lenyewe hilo tundu la kwenye moyo wako, ndilo tunaloenda kulizibisha. Moyo una vyumba 4, viwili juu na viwili chini, na katikati kuna ukuta unaotenganisha kulia na kushoto. Kwako ule ukuta wa vyumba vya juu haukukamilika ulipokuwa unaumbika tumboni, pakabaki tundu, kwahiyo damu iliyokwisha chukua oksijeni mapafuni, badala ya kwenda yote mwilini, nyingine inapita kwenye tundu na kurudishwa tena mapafuni. Mapafu yanapata damu nyingi kuliko yanayohitaji na upande wa kulia wa moyo unafanya kazi ya ziada mpaka unatanuka. Ndo maana unachoka ukikimbia, ndo maana mafua yako yanapenda kushuka kifuani. Hakuna kosa ulilofanya, hukuambukizwa na mtu, na wala hukuumia kwenye mpira kama ulivyoniuliza.

Najua umesikia kuna watoto wanazibwa tundu bila kupasuliwa kifua, wanapitishiwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo na kuwekewa kifaa cha kuziba. Ni kweli wapo, na tuliuliza. Lako ni kubwa na limekaa pembeni, halina kingo za kutosha kifaa kushika, kwahiyo daktari lazima afungue kifua aweke kiraka kwa mkono wake na kukishona. Kiraka chenyewe mara nyingi wanakata kipande kidogo cha ile ngozi nyembamba inayouzunguka moyo wako mwenyewe, au wanatumia kitambaa maalumu, na baada ya muda moyo unaotesha ngozi yake juu yake.

Sasa lile swali lenyewe, lile uliloliuliza kwa sauti ya chini. Ndio mwanangu, moyo utasimamishwa. Nakwambia mimi usije ukaambiwa na mtoto mwenzako kwenye korido. Daktari hawezi kushona kitu kinachorukaruka na kilichojaa damu, kwahiyo damu yako inapitishwa kwenye mashine inayoitwa mashine ya moyo na mapafu, inatoka mwilini kwa mrija, inaongezewa oksijeni humo na kuondolewa hewa chafu, inasukumwa kurudi mwilini, ubongo na figo na kila kitu kinaendelea kupata damu muda wote. Kuna mtaalamu ambaye kazi yake pale ndani ni mashine hiyo tu, haondoki. Moyo unapewa dawa ya kuutuliza usimame, tundu linashonwa, halafu damu inarudishwa kwenye moyo na moyo unaanza kudunda tena. Mashine hii ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kwa mtu tarehe 6 Mei 1953 huko Philadelphia, Marekani, daktari anaitwa John Gibbon, na mgonjwa alikuwa binti wa miaka 18 mwenye tundu la aina hii hii ya kwako, kwenye ukuta wa vyumba vya juu. Alipona. Toka mwaka huo madaktari wamekuwa wakiitumia na kuiboresha, kwahiyo ukisikia moyo unasimamishwa ujue ni jambo linalopangwa hatua kwa hatua na watu waliolifanya mara nyingi sana.

Na hutasikia. Nusu kaputi sio usingizi wa kawaida ambao nikikuita unaamka, daktari wa usingizi anakupa dawa kwa kipimo cha uzito wako na anakaa kichwani kwako toka mwanzo mpaka mwisho, anaangalia mapigo, presha, oksijeni, anaongeza dawa kadri inavyotakiwa, na hawaanzi kabla hajasema uko tayari. Wewe utahisi umefumba macho na kufumbua, hayo masaa ya katikati tutayahesabu sisi huku nje.

Turudi nyuma kidogo, kwenye hizi siku zilizobaki, maana hapa na wewe una kazi. Najua unakasirika nikikukataza kukaa karibu na wenzio wenye mafua. Sikuonei. Mtu akiwa na mafua au kikohozi njia za hewa zinavimba na kuwa na makamasi, zinakuwa nyepesi kushtuka, mrija wa kupumulia ukipita humo zinaweza kukaza, na hali hiyo inachukua wiki kadhaa kuisha hata kama pua imeshakauka. Daktari akikuta kifua hakiko safi anaahirisha oparesheni, na anafanya vizuri tu, lakini itabidi tuanze kusubiri upya. Kwahiyo kunawa mikono kwa sabuni ukitoka nje na kabla ya kula, kutochangia chupa ya maji, na yule anayevuta sigara avutie mbali kabisa na wewe, moshi nao unaharibu njia za hewa. Ukihisi koo linawasha au mwili una joto niambie saa hiyo hiyo, usifiche eti uogope tarehe itasogea. Tarehe kusogea sio adhabu.

Meno je. Kupiga mswaki asubuhi na usiku unaona haihusiani na moyo, ila inahusiana sana, jino bovu na fizi inayotoka damu ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu, vikifika kwenye moyo vinaweza kung'ang'ania pale palipotengenezwa, ndo sababu walitutuma kwa daktari wa meno kwanza. Na lile jino linalolegea la mbele ukifika hospitali waonyeshe, daktari wa usingizi lazima ajue, hataki ling'oke lianguke kooni ukiwa umelala. Kula vizuri, damu yako wanaipima na wakikuta ni pungufu wanataka iongezeke kwanza. Na dawa yoyote, hata ya mitishamba aliyoleta ndugu yetu kwa mapenzi mema, hunywi bila daktari kujua, kuna zinazofanya damu isigande vizuri na kuna zinazogombana na dawa za usingizi. Hilo niachie mimi, nitamwambia mwenyewe.

Siku yenyewe utakuwa na njaa, hili nakwambia wazi. Kwa kawaida chakula kinakatazwa masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2 kabla, ila sisi tutafuata saa watakazotuandikia wao. Sababu ni kwamba ukiwa umelala kwa dawa koo halijilindi, kilichoko tumboni kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Kwahiyo hata biskuti moja ya kuficha hapana mwanangu, nakuomba sana, na mimi na baba yako tutafunga na wewe.

Kuhusu sindano, kuna krimu ya ganzi wanayopaka mkononi na kufunika kwa plasta, inahitaji kama saa nzima ndo ifanye kazi, kwahiyo tutaiomba mapema, sio dakika ya mwisho. Ukiwekewa utasikia kusukumwa, maumivu yanakuwa madogo. Inawezekana pia wakaanza na barakoa ya hewa ya usingizi, ina harufu ya ajabu kidogo, unavuta tu na sindano wanakuwekea ukiwa umeshalala. Muulize daktari ipi inakufaa, na kama wanakuachia uchague, chagua mwenyewe. Mimi nitaomba nikushike mkono mpaka ufumbe macho, wakikubali nitakuwepo, wakikataa nitaishia mlangoni na wewe utaingia na nesi, na hilo tutalijua kabla ili lisikushtue.

Utaona watu wale wale wanakuuliza jina lako tena na tena, wanasoma mkanda wa mkononi, wanauliza oparesheni ni ya nini. Usidhani wamesahau. Ni utaratibu, wanahakikisha ni mtoto sahihi na kazi sahihi, wajibu kila mara hata kama imechosha.

Ukiamka utakuwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa wanaoangaliwa kwa karibu muda wote, na hapa ndo nataka usome mara mbili. Utakuta mirija. Mmoja au miwili inatoka kifuani kutoa damu na maji yaliyobaki, mwingine wa mkojo, mingine ya dripu shingoni na mkononi, stika za waya kifuani, kidoleni taa nyekundu isiyouma, na mashine zinazolia tii tii ambazo nyingi zinalia tu hata stika ikilegea. Inawezekana mrija wa kupumulia bado uko mdomoni, ukiwepo hutaweza kutoa sauti, sio kwamba sauti imepotea, ukitolewa inarudi ila koo litakwaruza. Ndo maana tunafanya zile ishara, dole gumba juu niko sawa, kufumba ngumi inauma, kugonga kitanda mara mbili namtaka mama. Nesi naye tutamfundisha.

Na maumivu yatakuwepo. Kifua kitauma hasa ukikohoa, kutoa ile mirija ya kifuani kunauma kwa muda mfupi. Dawa zipo, na watakuuliza toka 0 mpaka 10 inauma ngapi. Sema namba ya kweli. Usipunguze ili uonekane jasiri, maana mtoto mwenye maumivu hapumui kwa kina, na asipopumua kwa kina mapafu yanajaa makohozi na kupata maambukizi. Ndo kisa cha mazoezi yetu ya jioni ya mapovu ya sabuni, unavuta hewa puani taratibu mpaka tumbo linainuka, unapuliza polepole povu likue lisipasuke. Yale mazoezi yanafanya kazi mbili, yanafungua mapafu, na moyo ukianza kwenda mbio kwa woga yanautuliza. Nimekuona ukifanya juzi ukiwa peke yako, ukakumbatia na mto kifuani kabla ya kukohoa kama ulivyoonyeshwa, nikafurahi sana.

Mtu akikwambia jikaze wewe ni mwanaume, muache aongee. Kulia ruksa. Kuogopa ruksa. Baba yako mwenyewe anaogopa, muulize atakwambia. Usichofanya ni kuangalia zile video za oparesheni kwenye simu, hazikuhusu wewe na haziko kwa ajili ya watoto, ukitaka kujua kitu tuna daftari la maswali.

Mfupa wa kifua unachukua kama wiki 6 hadi 8 kuunga, kipindi hicho hakuna kupanda miti, baiskeli hapana, hakuna kubeba begi zito na hakuna mtu kukuinua kwa kukuvuta mikono, nitawaambia na wajomba zako. Mpira utarudi daktari akisema. Lile swali la kama kovu litaonekana ukivua shati, litaonekana, linakuwa mstari katikati ya kifua na rangi inafifia kidogo kidogo, ila urefu wake na mahali litakapoanzia sijui, ataamua daktari. Liandike kwenye daftari chini ya lile la jino, siku ya kuonana naye muulize wewe mwenyewe, mi nitakaa pembeni nisikilize.

Mama yako anayekupenda