Paa bapa halikuanzia Paris

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu nyumba za paa bapa niliisoma mara mbili, kwa raha. Ila pale mlipoandika kwamba mtindo huo uliletwa na Le Corbusier, msanifu majengo wa Paris, na wenzake miaka ya 1920, hapo kalamu iliteleza. Mwaka 1908, Stafford, Uingereza, ilijengwa nyumba ya kuishi yenye paa bapa la zege, jina lake Upmeads. Aliyeichora ni Edgar Wood, mzaliwa wa Middleton, mji wa viwanda vya pamba jirani na Manchester.

Baba yake alikuwa na kiwanda, akataka mwana akirithi. Mwana alitaka kuchora picha. Wakasuluhishana kwenye usanifu majengo. Mkono wa mchoraji haukufichika: tazameni kanisa lake la Victoria Park, Manchester, lililoanzwa 1903, lenye ramani ya herufi Y na uso mweupe uliochongoka juu, katikati dirisha la msalaba.

Kuhusu paa, sisi mafundi tunajua siri yake. Ukiezeka kwa kenchi na vigae, vyumba vinapangwa kwa kulitii paa, maji yapate pa kukimbilia. Ukimwaga zege, chumba kinakaa kinapotakiwa. Nyumba ambayo Wood alijijengea mjini Hale, karibu na Manchester, kati ya 1914 na 1916, iitwayo Royd House, ukuta wake wa mbele umebonyea ndani kama upinde. Mwezekaji wa vigae angeikimbia kazi hiyo! (Watu wa Lamu watacheka, maana paa bapa la chokaa juu ya boriti za mikoko wanalo tangu enzi za mababu. Mimi nasema zege.)

Kwa nini basi Wood hatajwi? Kazi zake nyingi zimebaki huko huko mikoani, Middleton, Huddersfield, ambako mnara wake wa saa wa Lindley wa 1902 bado umesimama, na wanaoandika vitabu wengi wanakaa London. Tena mwenyewe hakung'ang'ania jina. Alihamia Italia, akarudia rangi zake, akafia huko 1935.

Mkiendelea na mfululizo huu, tuwekeeni picha ya Upmeads. Ile ya Villa Savoye, nyumba maarufu ya Le Corbusier, tumeiona ya kutosha.

Fundi mstaafu,
Tanga