Mashine ya mkono ya kujazia risasi haihitaji oili nyingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzetu aishiye Marekani, aliyeuliza ni kilainishi gani kinachoifaa mashine ndogo ya mkono ya kujazia upya maganda ya risasi bila kuchafua mikono wala kuharibu baruti na fataki, yaani kile kikombe kidogo cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Nami naishi Wisconsin, jimbo lenye wawindaji wengi wa kulungu, na ambako kampuni ya Lee Precision ya mji wa Hartford hutengeneza mashine za namna hiyo. Sheria ya shirikisho hapa haimdai leseni anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Walioko Tanzania wana sheria yao ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, kwa hiyo wasiichukue barua hii kuwa ni ruhusa.

Swali lake naona limeanzia mahali pasipo penyewe. Mashine hii haikazwi kwenye meza. Mtu huishika kwa mikono miwili na kuibana, na nguvu yote ni ya misuli yake. Inapokuwa nzito, watu hulaumu viungo, kisha humimina oili. Uzito ule, kwa sehemu kubwa, hautoki kwenye pini za viungo hivyo bali kwenye ganda la shaba lililotanuka lilipofyatuliwa na ambalo sasa linalazimishwa kupita ndani ya kalibu ya chuma lirudie kipimo chake. Kinachohitaji kulainishwa kwanza ni ganda.

Kwa maganda ya bunduki, kama yale ya kipimo cha .30-06, mimi hupendelea nta laini au kilainishi chenye lanolini, yaani mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Hupakwa kwa ncha ya kidole, utando mwembamba tu, na zaidi upande wa chini wa ganda. Ukizidisha, mafuta hujikusanya penye bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, na kulibonyeza. Ukiacha kabisa, ganda hunasa ndani ya kalibu, na kulitoa ni kazi ya nusu siku. Maganda ya bastola yaliyonyooka yanaweza kupita makavu iwapo kalibu ina pete ya kabaidi, ambayo ni ngumu na laini kuliko chuma. Baada ya hapo, kilainishi chote kifutwe kabla ya kujaza, kwa sababu ganda lenye mafuta halishiki vizuri kuta za chemba, yaani sehemu ya bunduki linamokaa, na hivyo huisukuma bolti, kifungio cha nyuma yake, kwa nguvu zaidi.

Sasa nirudi kwenye mashine yenyewe. Fataki zilizotumika, zinapong'olewa, huacha unga wa kijivu wenye mabaki ya madini ya risasi (ledi) na chembe zinazokwaruza. Unga huo hunata kwenye oili kama vumbi la barabara kwenye mnyororo wa baiskeli, na baada ya muda huwa tope linalosugua fimbo ya mashine, ile inayosukuma ganda ndani ya kalibu. Ubaya mwingine ni kwamba oili nyepesi husafiri. Ikifika kwenye fataki au baruti, risasi inaweza kukataa kulia, au fataki ikalia huku baruti isiwake sawasawa, kichwa cha risasi kikabaki ndani ya mtutu. Anayefyatua nyingine bila kukagua anaweza kuupasua mtutu huo. Kwa sababu hiyo WD-40, mafuta mepesi ya kupuliza ambayo yalibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, nayatumia kusafishia tu, fataki zikiwa mbali, kisha nayafuta kabisa.

Grafaiti, unga mweusi wa kaboni, ni kavu na inasifiwa sana, lakini mwili wa mashine nyingi za mkono ni wa aloi ya alumini, na grafaiti ikikutana na alumini penye unyevu huchochea ulikaji. Isitoshe, huacha weusi kwenye kila unachokigusa. Chaguo langu ni nta ngumu ya kung'arishia magari kwenye fimbo, ipakwe, iachwe ikauke, kisha isuguliwe kwa kitambaa. Kwenye pini, ambako mgandamizo ni mkubwa, natia grisi nyeupe ya lithiamu isiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, na ile inayochomoza naipangusa. Dawa ya kupuliza yenye tefloni nayo inafaa, mradi iachwe ikauke kabisa kwanza.

Kabla ya kupaka chochote, msomaji huyo afute unga wa zamani kwa kitambaa chenye unyevu, wala asiupeperushe kwa kupuliza, kwa kuwa madini ya risasi yana sumu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ikiwa mashine yake ni ya chuma kitupu, atufahamishe, maana hapo pingamizi langu dhidi ya grafaiti linabaki kuwa la weusi wa mikono tu.

Msomaji wenu,
Wisconsin, Marekani