Spea kutoka kiwandani: kilichobadilika katika karakana yetu ya friji hapa Busia, Uganda

Tangu tuanze kuletewa spea moja kwa moja na watengenezaji wawili wa friji na mashine za kufulia, wateja wanatuuliza maswali yaleyale. Je, sasa ninyi ni tawi la kampuni? Mbona mnapiga picha mgongo wa friji kabla hata hamjaifungua? Mbona mnasema tusubiri siku kadhaa, na spea ipo leo hii duka la ng'ambo ya barabara? Na swali la bei, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Nitayajibu, ila nianze na friza iliyotusukuma kuitafuta njia hii.

Mama mmoja anayenunua mbuta na ngege kule Majanji na kuuza hapa mjini alituletea friza yake, ile ya mfuniko wa juu, yenye kompresa ya inveta, yaani pampu ya gesi ambayo mwendo wake huamuliwa na bodi ya umeme. Ilikuwa imeacha kugandisha. Ukiiwasha, kompresa inatetemeka kidogo, inanyamaza, baada ya muda inajaribu tena. Tulikuwa tumeona kompresa nyingi zikifa kwa dalili hiyo, kwa hiyo tukaamini hii nayo imekufa. Tukatafuta nyingine sokoni, tukakata mabomba, tukachomelea, tukanyonya hewa, tukajaza gesi. Friza ikaendelea na tabia yake ileile.

Nyuma, kwenye bodi ya umeme, palikuwa na taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikikonyeza tangu siku ya kwanza. Inakonyeza mara kadhaa, inatulia, inakonyeza tena idadi ileile. Hiyo ndiyo lugha ya bodi, na idadi ya kukonyeza hutaja ugonjwa. Jedwali la kutafsiri idadi hiyo limo katika kitabu cha fundi cha mtengenezaji, na sisi kitabu hicho hatukuwa nacho. Kilichokuwa kimekufa ni bodi. Kompresa tuliyoitoa ilikuwa nzima kabisa.

Gharama ya kompresa tuliibeba wenyewe, lakini hasara ya yule mama hatukuweza kuirudisha. Wiki nzima alinunua samaki wachache tu, wa kuuza siku hiyohiyo, kwa sababu hakuwa na pa kuwalaza. "Fundi," aliniambia, "mimi sikuja kununua kompresa. Nilikuja kununua baridi." Maneno hayo sijayasahau.

Niseme kwa nini kosa kama hilo ni rahisi sana siku hizi. Friji za zamani zilikuwa na mambo machache: kompresa, rilei ya kuiwasha, themostati ya kudhibiti baridi, na hita kwa zile zisizoganda barafu. Fundi aliyejifunza kwa mzee wake angeweza kuzitengeneza zote kwa mita moja na sikio zuri. Kompresa ya kawaida ina nyaya za kuanzia na nyaya za kukimbilia, na ukipima ukinzani wa umeme kati ya pini zake tatu unapata vipimo vitatu tofauti, viwili vidogo vikijumlishwa vinatoa kile kikubwa. Kompresa ya inveta haiko hivyo. Pini zake zote tatu zinatakiwa kutoa kipimo kimoja, wewe upime huku au kule. Fundi asiyelijua hilo ataona vipimo vinalingana na kusema nyaya zimeungua. Isitoshe, kompresa hiyo haili umeme wa ukutani. Bodi ndiyo inayouchukua ule umeme, inaubadilisha, kisha inaamua kompresa izunguke haraka au polepole. Bodi ikiharibika, hata kompresa mpya kabisa itakaa pale kama jiwe.

Baada ya friza ile tuliandika barua kwa watengenezaji kadhaa. Wengi hawakujibu. Mmoja alitujibu kwamba spea na vitabu ni vya vituo vyake tu. Wawili walikubali kuzungumza, na mazungumzo hayakuwa mepesi: walitaka kuona karakana, walitaka kuona vyeti, na walitaka tuwe na mizani ya gesi inayosoma gramu, pampu nzuri ya kunyonya hewa, na kifaa cha kunusa uvujaji. Mizani na pampu tulinunua kwa akiba ya karakana. Mafundi wetu wawili walikwenda Kampala kujifunza. Leo tuna vitabu vya mafundi vya mashine zao, tuna mtu wa kumpigia simu tukikwama, na tunaagiza spea kwa jina letu.

Tawi lao hatujawa. Kodi ya chumba tunalipa wenyewe, friji za watengenezaji wengine tunazipokea kama zamani, na tukiona friji yako haifai kutengenezwa tutakuambia, hata kama mtengenezaji angependa tumuuzie spea. Hilo tuliliweka wazi tangu mwanzo.

Sasa ile picha ya mgongo wa friji. Tunachopiga ni kibandiko cha maelezo. Kina modeli, namba ya seriali, volti, aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Watu wengi wanadhani modeli inatosha. Haitoshi. Friji mbili zenye jina moja na rangi moja, zilizonunuliwa duka moja, zinaweza kuwa na bodi tofauti kwa sababu kiwanda kilibadilisha muundo katikati ya uzalishaji. Namba ya seriali ndiyo inayomwambia mtengenezaji friji yako ilitoka wakati gani na bodi ipi ilifungwa ndani yake. Zamani tulikuwa tunapeleka bodi iliyoungua sokoni na kutafuta inayofanana nayo kwa macho. Mara nyingine ilifaa. Mara nyingine iliwaka vizuri siku tatu, kisha ikaunguza kompresa.

Gesi nayo ina uzito wake, na hapa naomba usome taratibu hata kama una haraka. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R600a, ambayo ni isobyuteni, jamaa ya gesi ya kupikia. Zilizotangulia zilitumia R134a. R134a haichomi ozoni kama zile gesi za kale zilizodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, lakini inaongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Ndiyo maana nchi zilikutana hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hilo. R600a haina madhara hayo makubwa. Ila inashika moto.

Kwa hiyo fundi anayefungua friji ya R600a na kuwasha moto wa kuchomelea wakati gesi bado imo anacheza na nyumba yako. Na anayekuambia "nitakuwekea R134a, ni ileile tu" anaiua friji polepole, kwa kuwa mafuta yaliyo ndani ya kompresa ya R600a hayapatani na R134a, na shinikizo lake pia ni tofauti. Kiasi nacho kina maana. Friji ya nyumbani ya R600a hubeba gesi kidogo sana, mara nyingi chini ya gramu mia moja, na gramu kumi pungufu au zaidi zinatosha kuifanya isipoe vizuri. Huwezi kuikisia kwa kushika bomba na kusema limekuwa la baridi. Kibandiko kinasema gramu ngapi, mizani inapima gramu hizo, basi. Ukija kwetu simama uangalie namba kwenye mizani. Hatukatazi.

Waranti inaleta maneno mengi hapa kwetu kuliko pengine, kwa sababu Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mtu ananunua friji upande wa Kenya kwa kuwa bei ilikuwa nzuri wiki ile, anaivusha, baada ya miezi minane inagoma, anatuletea pamoja na kadi ya waranti. Waranti nyingi zinafuata nchi uliyonunulia. Kama kadi yako ni ya Kenya, hatuwezi kumdai mtengenezaji upande huu, hata kama jina la kampuni ni lilelile na sisi tunafanya naye kazi. Tutaitengeneza, lakini utalipa. Ukitaka haki yako ya waranti, mara nyingi njia ni kuirudisha kwa muuzaji wako ng'ambo, na kabla ya kuivusha waulize forodha ni karatasi gani zinahitajika. Tunasema hili mapema kwa sababu tumeona watu wakilipa usafiri mara mbili.

Kama friji ilinunuliwa Uganda na bado iko ndani ya waranti, tunaomba risiti, tunapiga picha ya kibandiko na ya kifaa kilichoharibika, tunatuma. Mtengenezaji akikubali, hulipi spea wala kazi. Katika kazi hizo kifaa cha zamani hatukupi, kwa sababu mtengenezaji anaweza kukitaka kwa uchunguzi. Kwa kazi unayolipa mwenyewe ni kinyume: kifaa tulichotoa ni chako, tunakufungia kwenye mfuko, uende nacho. Hata kama ni chuma kisicho na thamani. Fundi asiyekurudishia kifaa cha zamani, muulize amekipeleka wapi.

Kuna jambo moja ambalo waranti karibu zote zinalikataa, nalo ni uharibifu wa umeme. UEDCL, shirika la serikali, walichukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme tarehe 1 Aprili 2025, na wateja wengine wanatuuliza kama mabadiliko hayo ndiyo yameua bodi zao. Jibu langu ni kwamba friji haijui nani anauza umeme. Inachojua ni kwamba umeme umekatika, kisha umerudi kwa kishindo. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 240. Ukirudi juu sana, kuna kidude kidogo kwenye bodi, cha duara, kinachojitoa mhanga kwa kupasuka ili vingine vipone. Tukikikuta kimepasuka na pembeni pana masizi, mtengenezaji akiona picha hatalipa, nasi hatuwezi kumdanganya. Nunua kilinda friji kinachokata umeme ukizidi au ukipungua, na kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuuruhusu tena. Huo muda wa kusubiri unaiacha gesi itulie pande zote mbili za kompresa, isianze kazi ikiwa imebanwa. Kwa muuza samaki au mwenye duka la vinywaji, nitasema kinunue kabla hujanunua friza yenyewe.

Bei sasa. Spea za kiwandani ni ghali kuliko za sokoni, hilo ni kweli na sitalizungushia maneno. Zinakuja na usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Zinachelewa pia, kwa sababu hatuwezi kuweka dukani bodi ya kila modeli. Kilichopungua ni kazi za kurudia. Tulipokuwa tunakisia, mteja alilipa kisio la kwanza, mara nyingine na la pili. Siku hizi ukituletea friji unalipa ada ya uchunguzi, unapewa karatasi yenye ugonjwa, spea inayohitajika na bei yake, kisha unaamua. Ukikubali, ada inakatwa kwenye bili. Ukikataa, karatasi ni yako, unaweza kuipeleka kwa fundi yeyote.

Na kama friji ina miaka kumi na mitano, mabomba yameoza ndani ya ukuta na hakuna njia ya kuyafikia, tutakuambia weka pesa yako, usiitumie kwa friji hiyo.

Kuna tulichokosa bado. Huko Ulaya, tangu Machi 2021, sheria inawataka watengenezaji wa friji kuendelea kuuza themostati, vipima joto na bodi kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza modeli, na raba za milango kwa miaka kumi, tena fundi afikishiwe ndani ya siku 15 za kazi. Mashine za kufulia zimepewa miaka kumi. Sisi tunachopata tunakipata kwa mkataba, na mkataba wetu hautaji miaka. Mtengenezaji akiamua mwakani kwamba modeli ya mteja wangu imezeeka, bodi itakoma kuja. Tumewaandikia wote wawili kuomba kifungu hicho kiongezwe. Mmoja amesema atakipeleka kwa wakubwa wake. Tunazidi kumkumbusha, na tungefurahi mafundi wenzetu wa Mbale, Tororo na Jinja wakiwaandikia pia, kwa sababu barua moja kutoka Busia ni rahisi kuiweka kando.

Kwa sasa, ukitaka tukusaidie haraka, tutumie picha mbili kabla ya kuibeba friji: kibandiko cha nyuma au cha ndani ya mlango, na risiti kama unayo. Kama kuna taa inayokonyeza, rekodi video ya dakika moja. Kibandiko kikiwa na vumbi kifute kwa kitambaa kikavu. Usikisugue kwa sabuni wala petroli, maandishi yatatoka. Na ukinunua friji ya mkono wa pili ukakuta kibandiko kimebanduliwa, muulize muuzaji sababu kabla hujatoa pesa.