Wageni wanahesabiwa, boti je?

Ndugu Mhariri,

Kila mwezi tunatangaziwa idadi ya wageni walioingia Zanzibar, na kwa mwaka 2024 walipindukia 700,000. Sina ugomvi nao. Hapa kwetu Kizimkazi jiko la nyumba nyingi linawaka kwa sababu yao. Ila katika mipango hii ya uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, naomba tuambiwe na jambo jengine: boti ngapi ziruhusiwe kuwazunguka pomboo kwa wakati mmoja, na nani atakuwepo baharini kusimamia hilo.

Nikueleze ilivyo. Pomboo wakiibuka, boti ya kwanza inawakatia njia kwa mbele, ya pili inawabana ubavuni, nyengine zinakuja mbio nyuma. Mgeni anaambiwa "Ruka! Ruka!", anatumbukia na miwani yake, pomboo washazama. Wakitokeza kule mbali, mashine zinawashwa, wanafukuzwa tena. Watafiti waliowafuatilia pomboo hawa walionesha kuwa boti zikiwazonga muda wao wa kupumzika hupungua. Na humo wamo wanaonyonyesha.

Wengi humlaumu nahodha. Mimi naona tuanze na fedha. Mgeni kalipia hotelini huko pwani ya mashariki, kampuni imekata chake, papasi anayewatafutia wageni naye chake, kinachomfikia nahodha hakizidi sana petroli. Asipowasogeza wageni karibu, kesho watapakiwa boti ya mwenzake. Miongozo ya kuwatazama pomboo ipo, lakini anayeifuata hapati kitu. Tuwekeeni zamu, nauli iwe moja na ilipwe hapa hapa pwani, boti zikitimia idadi nyengine zisubiri. Nahodha aliyesimama mbali apate sawa na aliyefukuza.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Pomboo hawa hawa, hadi miaka ya 1990, walikuwa wakiuliwa kwa chambo cha papa, na wavuvi waliacha pale walipoona mgeni analipa kumtazama aliye hai. Kisiwani Chumbe, hapa Unguja, mwamba wa matumbawe umefungwa kwa uvuvi miaka yote hii, vibanda vya wageni ni saba tu, na walinzi wake wametoka miongoni mwa wavuvi. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Shelisheli wao ifikapo 2020 walikuwa wametenga asilimia 30 ya bahari yao yote. Mimi siombi kiasi hicho. Ningeridhika na bahari yetu hii ya Ghuba ya Menai peke yake, ambayo kwa karatasi ni hifadhi tangu 1997.

Na kikao cha kupanga haya kisiwe ukumbini mjini saa tatu asubuhi. Saa hizo manahodha wako baharini, na maji yakiwa yametoka kina mama wako kwenye mwani. Njooni jioni, boti zikisharudi.

Mkaazi wa Kizimkazi,
Unguja